Mtaa wa Kongo, Kariakoo: je, ufungwe kwa magari ilhali zimamoto nao wanahitaji njia?

Mtoa mada:

Kila Kariakoo, eneo la soko jijini Dar es Salaam, inapofikwa na msiba, hoja hii huibuka kwa siku chache kisha ikapoa. Wapo wanaotaka Mtaa wa Kongo na sehemu ya Mchikichi itengwe rasmi kwa waenda kwa miguu, ambao kwa hakika wameshaitwaa siku nyingi. Wapo pia wanaosema kwamba kufunga mitaa hiyo ni kuyafungia nje magari ya zimamoto na ya wagonjwa. Mimi niko upande wa kwanza, kwa sharti nitakalolieleza.

Tuangalie kwanza kinachoziba njia. Mpita njia akisikia king'ora husogea, hata kama amejitwika mzigo. Gari lililoegeshwa, mwenyewe akawa yuko ghorofa ya tatu akipatana bei, halina masikio. Kirikuu inayoshusha majora ya vitambaa, guta lililokwama nyuma yake, bajaji inayosubiri abiria: hivi ndivyo vinavyomsimamisha dereva wa zimamoto, na vinaingia kwa sababu mtaa ungali wazi kwa magari. Kutoka kituo cha zimamoto cha Morogoro Road, pale tunapopaita Fire, hadi Kongo si safari hata kwa miguu. Dakika zinapotea mwishoni, ndani ya mitaa.

Sharti langu ni kwamba katikati ya mtaa ubaki ukanda wa mita nne usiowekwa meza, mwavuli wala mti, usiku na mchana. Milango yake izibwe kwa nguzo fupi za chuma zinazoweza kung'olewa, ambazo funguo zake ziwe kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Na mizigo ishushwe alfajiri tu.

Mchangiaji:

Ndugu mtoa mada, hoja yako ni nzuri kwenye karatasi, lakini huo ukanda utabaki wazi kwa muda gani? Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa barabarani, nasi sote tumeona walivyorudi. Magari tunayoyalalamikia ndiyo yanayolinda upenyo uliobaki, kwa kuwa hakuna apangaye viatu mahali ambapo tairi litapita baada ya dakika moja. Ondoa tairi, na jioni hiyohiyo pana turubai.

Pili, unahesabu upana wa gari linalopita, huhesabu upana wa gari linalofanya kazi. Mitaa ya Kariakoo ilipimwa zama za nyumba za chini. Leo maghorofa yamesimama juu ya mitaa ileile. Gari lenye ngazi ndefu haliinui ngazi mpaka litandaze miguu yake pande zote mbili. Kanuni ya moto inayofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani hudai njia ya futi 20, yaani kama mita 6.1, isiyo na kizuizi chochote. Jengo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, hapohapo Mchikichi na Kongo, na kuua watu zaidi ya 20, haikuhitajika ambulensi tu. Zilihitajika pia mashine nzito za kuondoa kifusi.

Mtoa mada:

Hoja ya tairi nimeikubali, nayo imenikera kwa sababu ni ya kweli. Basi ukanda usiachwe mikononi mwa mgambo wanaokuja kwa msimu. Wapewe wamachinga wenyewe nafasi zilizochorwa na kuandikishwa kando ya mtaa, maana mwenye nafasi halali hamvumilii anayekuja kupanga mbele yake. Kuhusu ngazi, nakubali kwamba mita nne hazitoshi mbele ya majengo marefu, kwa hiyo kwenye kila makutano pawe na uwanja mtupu wa kutandazia miguu hiyo, pamoja na maji ya kuzimia moto. Soko Kuu liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, wakati ambapo mitaa haina msongamano wa mchana. Moto wa saa saba mchana bado hatujaupima.

Napendekeza upimwe. Jumamosi moja kabla ya Idi, bila kutangaza, gari la zimamoto litoke Fire hadi makutano ya Kongo na Mchikichi, na mtu aandike dakika na kila kilicholisimamisha. Nitashangaa iwapo kwenye orodha hiyo waenda kwa miguu watatangulia magari yaliyoegeshwa.