Mark X GRX120: kuondoa boksi la filta na kufunga paipu ya hewa baridi kunaongeza nguvu kweli?

Kibaha_V6

Habari wakuu. Gari ni Toyota Mark X GRX120, injini 4GR-FSE ya 2.5, haina turbo na programu yake haijaguswa. Nataka kutoa boksi la filta la kiwandani nifunge paipu ya alumini ya inchi 3 yenye filta ya koni. Muuzaji anasema nitapata farasi 15 hadi 20 na ulaji wa mafuta utashuka. Gari haina ugonjwa wowote, taa ya cheki injini haiwaki, filta ya karatasi ni mpya. Safari zangu ni Kibaha hadi Posta kila siku kwa Morogoro Road, foleni ya kutosha, na mara mojamoja Dodoma.

Naomba majibu kwa wanaozijua hizi injini: nguvu inaongezeka kweli? Mafuta yanapungua? Kuna hatari gani?

Spana13

Mkuu, kwa injini isiyo na turbo na yenye programu ya kiwandani, farasi 15 hazipo. Unaweza kujithibitishia kabla hujatoa shilingi.

Ikizunguka mara 6,400 kwa dakika, pale inapotoa zile farasi 215 za kwenye makaratasi ya Toyota, injini hii inameza takribani lita 8,000 za hewa kila dakika. Cha kujua ni boksi lako linaizuia kiasi gani. Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 3 zinatosha. Ukunje uwe na umbo la U, ufunge kwenye ubao, mimina maji yenye rangi hadi nusu. Ncha moja iache wazi. Nyingine ichomeke pale mpira wa brita (wa kupumulia mvuke wa ndani ya injini) unapoingia kwenye paipu ya hewa, kati ya filta na throto (kipepeo kinachofungua hewa ukikanyaga mafuta), na mpira wenyewe wa brita uuzibe kwa muda. Mwenzako akae na ubao, wewe kanyaga mafuta mpaka mwisho, gia ya 2, hadi mzunguko ukaribie 6,000. Asome tofauti ya urefu wa maji kati ya pande mbili za U.

Tuseme umepata tofauti ya sentimita 25, hiyo ni sawa na kilopaskali 2.5. Presha ya hewa ya Dar ni kama 101. Kwa hiyo boksi zima, filta ikiwemo, linakula asilimia 2.5, yaani farasi 5 hivi. Na hizo 5 ungezipata zote kama injini ingevuta hewa bila filta wala paipu yoyote. Koni nayo ina kizuizi chake, paipu ina kona zake, hivyo utakachookoa ni sehemu tu ya hizo 5.

Angalizo: usichomeke mpira baada ya throto. Injini ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyagwa), mvuto wa mle unaweza kunyanyua maji mita 6, itayanywa yote.

Sasa upande wa joto, ambao ndio unaowaumiza wengi. Boksi la kiwandani la Mark X tayari linavuta hewa ya nje, mdomo wake uko mbele karibu na grili. Ukiweka koni ndani ya boneti bila kuikinga, itavuta hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta. Kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza uzito wa hewa kwa karibu asilimia 3. Hewa ikitoka nyuzi 35 kwenda 50, jambo la kawaida kabisa kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana, umepoteza karibu asilimia 4.6 ya hewa. Hapo umetafuta farasi 3 ukaacha 10 njiani, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) ikiona hewa ya moto inarudisha taiming (wakati wa plagi kuwasha) nyuma kujikinga, unapoteza zaidi. Ukitembea kasi hiyo tofauti hupungua, lakini kwa ratiba yako muda mwingi uko kwenye foleni.

Kuhusu mafuta: ukiwa unaendesha kawaida, throto imefunguka kidogo tu. Kizuizi kikubwa ni kile kipepeo chenyewe, tena umekiweka wewe kwa mguu wako. Ukipunguza kizuizi kabla yake, utakanyaga kidogo pungufu ili upate hewa ileile, na hewa ileile inahitaji mafuta yaleyale. Hakuna kitakachopungua.

Kitakachobadilika sana ni sauti. Boksi la kiwandani lina vyumba vya pembeni vya kumeza mngurumo. Ukiviondoa, gari inanguruma ukikanyaga na mwili unaamini imekuwa nyepesi. Ndiyo maana nasisitiza kipimo.

Kibaha_V6

Spana13 ubarikiwe mkuu. Ila nimeona video za daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) zinaonyesha ongezeko la farasi 8, 10. Zile ni uongo?

Spana13

Si lazima ziwe uongo. Angalia boneti: mara nyingi iko wazi na feni kubwa inapuliza mbele ya injini. Hewa ya moto imeondolewa, kwa hiyo koni inapimwa katika hali ambayo gari lako halitakutana nayo barabarani. Kitu kingine, gari lilelile likipimwa mara mbili mfululizo bila kubadilisha chochote huweza kutofautiana asilimia 1 au 2, kutegemea joto la injini, la mafuta ya gia na la tairi. Ukipewa kipimo kimoja cha kabla na kimoja cha baada, huwezi kujua lipi ni koni na lipi ni joto.

Kama unataka kipimo cha barabarani, chukua kifaa cha ELM327 cha kusoma kompyuta ya gari na programu ya Torque kwenye simu. Rekodi joto la hewa inayoingia na gramu za hewa kwa sekunde. Kwa makadirio ya mafundi, gramu 1 kwa sekunde ni kama farasi 1 na robo. Pima mara tatu kabla na mara tatu baada, barabara ileile, mwelekeo uleule, saa ileile. Lakini ukibadilisha kipenyo cha paipu pale ilipokaa sensa, namba za gramu hazilinganishiki tena, itabidi utumie saa: sekunde za kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa kwa gia ya 2.

Limuru_EJ20

Hapo kwa kipenyo cha paipu ndipo injini za watu hufia, na wauzaji hawapendi kupataja.

Sensa ya MAF, ile ya kupima hewa inayoingia, haipimi hewa yote. Ina waya mdogo wa moto, hewa ikiupitia inaupoza, kompyuta inakadiria jumla kwa kujua ukubwa wa bomba la kiwandani. Tuseme bomba lako ndani ni milimita 70, ukaweka la 76. Eneo limeongezeka karibu asilimia 18, kwa hiyo hewa inapita taratibu mbele ya waya, na kompyuta inasoma kama asilimia 85 tu ya hewa iliyoingia. Inamwaga mafuta ya hiyo 85.

Ukiendesha polepole, sensa za ekzosi zinagundua na kuongeza mafuta. Utaona LTFT (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kwa muda mrefu) ikipanda hadi +15 au zaidi. Taa inaweza isiwake kabisa, maana kodi za hitilafu P0171 na P0174 (mafuta machache) husubiri kosa liwe kubwa zaidi. Ukikanyaga mpaka mwisho, yale marekebisho ya papo kwa papo hayatumiki tena. Isitoshe kompyuta inadhani injini haina mzigo mkubwa, inasogeza taiming mbele. Mafuta machache na taiming ya mbele kwa pamoja: injini inagonga. Kwa Subaru za EJ zenye turbo, kinachovunjika ni ukingo wa pistoni unaoshika ringi, na dalili ya kwanza mara nyingi ni oili kuanza kupungua na moshi wa bluu.

Kwa turbo kuna faida ya kweli, tusiwanyime wenzetu ukweli. Turbo ikizidisha presha mara 2, kilopaskali 2.5 zinazopotea kabla yake zinakuwa 5 za kufidia baada yake. Ukipunguza kizuizi, turbo inafanya kazi kidogo na hewa inatoka na joto pungufu. Lakini faida hiyo huja ikiwa programu imeandikwa upya kwa bomba jipya. Paipu bila programu kwa Subaru ni hatari tupu.

Jambo la mwinuko pia. Hapa Nairobi presha ya hewa ni karibu 82, injini isiyo na turbo imeshapoteza kama asilimia 18 ya nguvu yake ya Mombasa. Hakuna filta ya kuirudisha. Ukifika Dodoma nawe utakuwa umepoteza zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo usishangae gari likionekana zito kule kuliko Kibaha, si kosa la boksi.

Vumbi_na_Masika

Wenzangu wamemaliza habari ya nguvu, mimi nazungumzia maji na vumbi, maana jamaa anapita Jangwani.

Zile paipu ndefu zinazoshuka hadi ndani ya fenda au nyuma ya bampa kweli zinavuta hewa baridi. Ila mdomo wake uko sentimita 25 au 30 kutoka ardhini. Masika Jangwani ikijaa, au gari la mbele likikupigia wimbi, koni inavuta maji. Chukua hesabu ya 4GR: kila silinda ina kama sentimita za ujazo 417, mgandamizo ni 12 kwa 1, kwa hiyo pistoni ikifika juu nafasi iliyobaki ni sentimita za ujazo 38. Hiyo haifiki vijiko vitatu vya chakula. Maji yakizidi hapo hayagandamizwi, konrodi inapinda. Na konrodi iliyopinda kidogo inaweza kutembea wiki kadhaa kabla haijatoboa bloku.

Gari likizima ndani ya maji usijaribu kuwasha hata mara moja. Livutwe, zitolewe koili na plagi zote sita, injini izungushwe kwa mkono maji yatoke, filta na paipu zikaushwe, oili iangaliwe kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Baada ya hapo ndipo upimwe mgandamizo silinda kwa silinda.

Vumbi nalo: koni nyingi ni za pamba yenye oili. Ukiosha, iache ikauke kabisa kivulini, paka oili kiasi, subiri nusu saa, futa iliyozidi. Ukizidisha oili, inavutwa na kuganda kwenye waya wa MAF, gari linaanza kusitasita. Dawa yake ni spirei maalumu ya kusafishia MAF, fungua skrubu mbili kwa bisibisi ya nyota, puliza mara kumi hivi bila kugusa waya, acha dakika 15 ikauke. Usitumie spirei ya kabureta wala upepo wa kompresa.

Kujua kama koni yako inapitisha vumbi, fungua paipu baada ya filta, ingiza kitambaa cheupe, futa ukuta wa ndani. Kitambaa kikitoka na unga mwekundu, huo unga unasaga silinda. Filta ya karatasi ya kawaida, ikikaguliwa kila kilomita 5,000 kwa barabara zetu, inachuja vizuri sana.

Wenye dizeli wasichanganye haya. Dizeli nyingi hazina throto ya kubana hewa kama petroli, filta chafu inaonekana kwenye nguvu, moshi mweusi na ulaji. Snoko ya Hilux au Land Cruiser nayo imewekwa juu kwa ajili ya maji na vumbi, haikuwekwa kwa nguvu.

Kibaha_V6

Nimewaelewa wakuu, habari ya farasi 20 nimeifuta. Ila sauti naipenda, siwezi kukataa. Nikitaka kufunga bila kuharibu injini, nifuate nini? Na kama hela ile ningeitumia kwingine, iende wapi?

Spana13

Tuanze na hela. 4GR-FSE inamwaga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingiza hewa hazioshwi na petroli na hujenga masizi magumu. Ukisikia inatetemeka sailensa au inamiss ikiwa ya baridi, toa manifoldi uangalie. Masizi yakiwa mazito, vali zisafishwe, hapo ndipo nguvu iliyopotea inaporudi. Ongeza plagi mpya za iridiamu na kusafisha throto.

Ukiamua kufunga:

Kabla ya kugusa chochote, rekodi STFT (marekebisho ya mafuta ya papo kwa papo) na LTFT za benki zote mbili (pande mbili za silinda za V6) injini ikiwa na joto, sailensa na mzunguko 2,500. Afya ni kati ya -5 na +5. Pima kwa kalipa kipenyo cha ndani cha bomba la MAF la kiwandani. Kama paipu mpya inatofautiana hata milimita 2, iache, au tumia kile kipande cha kiwandani kilichobeba MAF na uunganishe koni mbele yake kwa adapta. Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote.

MAF ikae kama ilivyokuwa, mshale wa mwelekeo ukielekea throto. Mbele yake pawe na sentimita 10 hadi 15 zilizonyooka. Ikiwa baada tu ya kona, usomaji unayumba na sailensa inapanda na kushuka. Mpira wa brita lazima urudi kwenye paipu baada ya MAF. Watu wengi huuacha wazi na kuweka kifilta kidogo, kisha hewa isiyopimwa inaingia na LTFT inapanda.

Koni ijengewe kizuizi cha joto cha bati au alumini kinachogusa boneti kwa mpira, na mdomo wa kiwandani wa hewa ya mbele uelekezwe mle ndani. Isishuke kwenye bampa. Klampu zikazwe kwa kiasi, kisha zikazwe tena baada ya siku mbili tatu, mpira wa silikoni hulegea ukishapata moto.

Washa, tembea kilomita 50 hivi, soma LTFT tena na joto la hewa. Joto likizidi la nje kwa zaidi ya nyuzi 10 ukiwa unatembea kilomita 80 kwa saa, kizuizi chako kinavuja. LTFT ikipita +10 benki zote mbili, kagua klampu na brita. Isiposhuka, usikanyage mpaka mwisho, rudisha boksi la zamani siku hiyohiyo. Kwa hiyo usiliuze, na fundi asilikate.