Riwaya ya kusikiliza kuhusu mwanagenzi wa jikoni, Roma 1495: nyanya ni kosa la mwandishi au ni kidokezo?

Sikio la Usiku aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimo katikati ya riwaya ya upelelezi ya kusikiliza, inayosimuliwa na mzee ambaye katika utoto wake alikuwa mwanagenzi katika jiko la kardinali mmoja mjini Roma, mwaka 1495, enzi za Papa Aleksanda wa Sita. Mtunza ghala wa kasri anafariki baada ya chakula cha jioni, na kijana huyo, ambaye kazi yake ni kuzungusha nyama juu ya moto na kuponda lozi kinuni, anaanza kuunganisha mambo kutokana na yale anayoyaona kati ya jiko na meza ya bwana wake. Kwa kuwa mashaka yote yanazunguka chakula, nimekuwa nikitega sikio kwa kila kiungo kinachotajwa, na mambo mawili yamenitatiza. La kwanza, jioni ile ya kifo, mpishi mkuu anamwagia samaki mchuzi mwekundu wa nyanya. La pili, mfanyabiashara wa viungo anajigamba kwamba pilipili manga yake imetoka India moja kwa moja kwa meli iliyozunguka kusini mwa Afrika.

Je, mambo haya yaliwezekana mwaka huo? Na kama hayakuwezekana, nitajuaje kama mwandishi amezembea au anatuonyesha mwongo kwa makusudi? Ningekuwa na kitabu mkononi ningerudi kurasa kadhaa nyuma na kulinganisha, lakini sauti ikishapita imepita. Tafadhali, aliyeimaliza riwaya hii asinitajie muuaji.

Mchimba Kale alijibu:

Hakuna hata moja linaloingia katika mwaka 1495, ila uzito wake haulingani. Nyanya asili yake ni Amerika, na Columbus alirejea kutoka safari yake ya kwanza mwezi Machi 1493. Huko Italia, mtu wa kwanza kuieleza nyanya kwa maandishi ni tabibu Mattioli, mwaka 1544. Tarehe 31 Oktoba 1548, msimamizi wa nyumba ya Cosimo de' Medici, mtawala wa Florence, aliandika barua kuarifu kwamba kikapu cha nyanya kimefika salama, jambo linaloonyesha kwamba hata wakati huo tunda hilo lilikuwa bado kitu cha kutazamwa kwa mshangao. Maelekezo ya kupika mchuzi wa nyanya yalichapishwa Napoli katika miaka ya 1690, kwenye kitabu cha Antonio Latini. Mchuzi wa riwaya yako, basi, umewahi kwa karibu miaka mia mbili.

Kuhusu pilipili manga, Vasco da Gama aliondoka Lisbon Julai 1497, akapita Malindi Aprili 1498, akafika Calicut, bandari ya India, mwezi uliofuata, na kurejea Ureno mwaka 1499. Kabla ya hapo, pilipili manga iliyofika Italia ilipita Bahari ya Shamu, ikauzwa Aleksandria, na wafanyabiashara wa Venice ndio waliojizolea faida kubwa. Mtu aliyedai mwaka 1495 kwamba mzigo wake umeizunguka Afrika alikuwa akidai jambo ambalo halijapata kufanyika.

Ukitaka kujua jiko la wakati huo lilikuwa na nini hasa, mtazame Maestro Martino, mpishi wa karne ya 15 ambaye mengi ya mapishi yake yalichukuliwa na mwandishi Platina katika kitabu kilichochapishwa Roma mnamo 1470. Anao mchuzi wa kiangazi uliopewa jina la mbingu, unaotengenezwa kwa beri nyeusi za mwituni, lozi zilizopondwa, tangawizi na maji makali ya zabibu mbichi. Makaroni ya Kisicilia anaagiza yachemshwe saa mbili nzima (nani angeyala leo?), na yai la kuchemsha analipimia muda wa kusali Baba Yetu. Hilo la mwisho ningelizingatia sana katika riwaya ya upelelezi, kwa maana pale ambapo jikoni hakuna saa, ushahidi wa nani alikuwa wapi na kwa muda gani unategemea kasi ya mtu ya kusali.

Bibi Kurasa alijibu:

Ndugu Mchimba Kale amemaliza upande wa historia. Mimi naongeza la usikilizaji, kwa sababu naona ndipo fumbo lako lilipo. Katika kitabu cha karatasi, alama za kunukuu hukuonyesha mara moja ni nani anayesema. Katika kitabu cha sauti, msomaji mmoja hubeba usimulizi na mazungumzo yote, na akilegea kidogo tu katika kubadilisha sauti, maneno ya mhusika huchanganyika na maelezo ya msimulizi. Jambo lisilolingana na wakati likitoka kinywani mwa mhusika, sharti kwanza umshuku mhusika huyo. Likiwa katika maelezo yenyewe, ndipo unaweza kumlaumu mwandishi, na hata hapo si mara zote, hasa pale msimulizi naye anapokuwa mmoja wa watu wa kisa. Rudi kwenye sehemu hizo mbili, punguza kasi, usikilize jambo moja tu: sauti inabadilika wapi?

Ushauri mdogo: programu nyingi za vitabu vya sauti huruhusu kuweka alama mahali ulipofika. Weka alama kila mlo unapoanza kuandaliwa, kwa sababu katika riwaya za namna hii ratiba ya milo ndiyo ratiba ya mauaji.

Kinu na Mchi alijibu:

Kuna swali ambalo halijaulizwa: jioni ile ilikuwa siku ya mfungo? Wakati wa Kwaresima, nyama, mayai, siagi na maziwa viliondolewa mezani, na badala ya maziwa wapishi walitumia tui la lozi. Kijana aliyepewa lozi za kuponda na samaki aliyeandaliwa vinaelekea huko. Ikiwa ni hivyo, chochote chenye siagi kilichoonekana jioni hiyo kina maana kubwa kuliko nyanya.

Sikio la Usiku alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimerudia sehemu zote mbili kwa kasi ndogo. Maneno ya pilipili manga ni ya mfanyabiashara mwenyewe. Msomaji anaikaza sauti na kuipandisha kidogo, na mara baada ya hapo mpishi mkuu anacheka bila kusema lolote. Nyanya, kwa upande mwingine, zimo katika maelezo ya mzee. Katika sura ya kwanza mzee huyo anasema kwamba anaandika akiwa na umri wa miaka 70, na kwamba jikoni aliingia akiwa na miaka 12, katika mwaka uleule wa 1495. Siku ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Siagi sijaisikia ikitajwa, ila nitaendelea kuisubiri.

Bibi Kurasa alijibu:

Basi hesabu inatuleta mwaka 1553, miaka mitano baada ya kile kikapu cha akina Medici. Mzee angeweza kuwa ameiona nyanya, akaijua kwa jina, na akaiingiza katika jioni ya utotoni mwake ambamo haikuwamo. Kama mwandishi alimfanya mpishi acheke uongo wa pilipili manga, maana yake miaka hiyo anaijua vizuri, na siamini kwamba nyanya zilimponyoka. Mimi ningemwacha mfanyabiashara kando kwa muda, nikaanza kujiuliza kile kilichomwagwa juu ya samaki yule kilikuwa nini hasa, na kwa nini mtu aliyekuwa amesimama karibu na sahani ile hataki kukitaja.