Wivu kati ya makanisa: tuombe pamoja au tuandikiane makubaliano?

Mleta mada: Wapendwa, Bwana asifiwe. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa husuda na fitina za "mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo" (1 Kor. 3:3-4). Makanisa mengi huutibu wivu huu kwa ibada za pamoja, hasa wiki ya kuombea umoja wa Wakristo, 18 hadi 25 Januari. Ibada hizo nazipenda, ila hazigusi penye kidonda: nani kamchukua mshirika wa nani, na sadaka ya mkutano imekwenda wapi. Bila maandishi juu ya hayo mawili, wivu unarudi. Mnaonaje?

Mwinjilisti: Mtumishi, napinga. Maandishi yalishajaribiwa. Wamisionari wa Kiprotestanti waligawana maeneo katika nchi nyingi za Afrika na Asia, kila shirika na upande wake. Wakatoliki hawakuwamo, na waumini wenyewe hawakuulizwa. Watu walipohamia mijini walitafuta dhehebu walilolelewa, mipaka ikakosa maana. Muumini si mali ya mchungaji. Yohana alipomkataza mtu aliyetoa pepo kwa sababu hakuwa mmoja wao, Yesu alimwambia asimkataze (Mk. 9:38-39).

Katibu wa umoja wa wachungaji: Ndugu Mwinjilisti, hapa hatugawi ardhi, tunaweka utaratibu wa kupokea. Mshirika akija, anayempokea aombe barua ya utambulisho kabla ya kumwandikisha. Barua iseme mambo matatu tu: amebatizwa lini, anashiriki meza ya Bwana au la, yuko chini ya nidhamu au hapana. Deni la ahadi ya ujenzi lisiandikwe humo kamwe, maana ndilo kamba ya kumfungia mtu asiondoke. Zikipita siku 30 bila jibu, apokelewe. Bila ukomo huo, kanisa la zamani huikalia barua kama adhabu.

Mkutano wa injili wa pamoja una hatari zaidi. Bajeti ipitishwe na wote kabla ya kukodi vyombo, na ijulikane mapema salio litafanya nini. Sadaka ihesabiwe palepale uwanjani na watu wawili wa makanisa tofauti, watie sahihi, kiasi kitangazwe kesho yake. Kadi za waliookoka ziandikwe nakala mbili, moja ya kamati. Kila mtu aulizwe anakaa wapi na angependa kusali wapi, kisha atembelewe ndani ya siku 7. Kinachoharibu ni mwenyeji kubaki na daftari zima. Wengine wanaona walilipia mavuno ya mtu mmoja, na mwaka unaofuata hawachangi.

Mshauri wa familia: Barua ina shimo kubwa. Anayekimbia manyanyaso ya kiongozi wake mtamwambia akaombe utambulisho kwa huyohuyo? Hapo apokelewe kwanza, wala anakokwenda pasitajwe. Shauri lipelekwe kwa viongozi walio juu ya mchungaji huyo, na likiwa jinai, polisi.

Katibu wa umoja wa wachungaji: Nakubali, mama. Hilo liingie kama kifungu, tena cha kwanza.

Mhasibu wa dayosisi: Mnasahau makao makuu. Mchungaji anayepimwa kwa jumla ya washirika lazima amwonee jirani wivu. Fomu ya taarifa itenganishe mistari: waliobatizwa wapya, waliohamia kutoka makanisa mengine, waliohama, waliofariki. Waliohamia wakichanganywa na waongofu, kanisa linaonekana linakua huku idadi ya Wakristo mtaani ni ileile. Mstari mmoja tu ukitenganishwa, sifa ya uongo inakosa pa kusimama.

Mwinjilisti: Fomu hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Ila msiite kila tofauti wivu. Mwaka 2007, huko Magdeburg, makanisa 11 ya Ujerumani yalisaini kutambuliana ubatizo wa maji kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Wabaptisti hawakusaini, kwa kuwa kwao imani ya mhusika hutangulia ubatizo. Hilo ni fundisho, na makubaliano yenu yalitaje wazi, la sivyo kila anayebatizwa tena ataonekana ameibwa. Na barua ile iwe ya kutoa taarifa. Mkiifanya kibali, mimi sisaini.

Mleta mada: Basi tuanze na neno hilo, taarifa au kibali. Wenye kanuni za makanisa yenu, leteni kifungu kinavyosomeka.