Mwenzangu amesilimu, Idi imemkuta peke yake

BintWete, London
Assalam aleikum ndugu zangu. Nina jambo limenikaa rohoni. Nafanya kazi ya kutunza wazee huku Whitechapel, na mwenzangu wa zamu ya usiku, Muingereza, alisilimu mwaka jana. Siku ya shahada wanawake walimkumbatia, wakalia, wakampa mtandio na boksi la tende. Ramadhani ilipoingia akawa anafuturu maji na mkate ndani ya basi, peke yake. Ijumaa moja alikwenda msikitini (siutaji), mama mmoja akamshika mkono mbele za watu kwa sababu ya rangi ya kucha. Hajarudi tena. Asubuhi ya Idi nampigia simu, kumbe kavaa nguo mpya, yuko kitandani, hana pa kwenda. Na mie jikoni napakua biriani ya watu 15! Niliona haya sana.

Huyu ndiye aliyenionesha msikiti wa Brick Lane. Miaka 9 napita pale sijawahi kuinua macho. Juu ukutani kuna saa ya jua na mwaka 1743: lilikuwa kanisa la Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia kwao, baadaye likawa sinagogi, na tangu 1976 wanaswali humo ndugu zetu wa Bangladesh.

Nataka kumwalika, ila kwetu ni Kiswahili kitupu. Naogopa atakaa kama bubu.

MamaSwaleh, Leicester
Mwalike, shoga. Mume wangu Mskoti, alisilimu kabla hatujajuana. Lugha haikumsumbua, kilichomuumiza ni kukalishwa sebuleni kila siku kama mgeni. Mama alipompa mbuzi akune nazi, hapo ndipo alipocheka.

AmiMtwapa
Binti yangu, rangi ya kucha huzuia maji ya udhu, hilo kweli, lakini lina pa kusemewa. Mpeleke East London Mosque, hotuba ya Ijumaa husomwa na kwa Kiingereza. Na je, mamake yu hai? Muulize habari zake. Wengi humwambia aliyesilimu asahau kwao, na hiyo si dini.

BintWete
Shukran Ami, nimemuuliza jana. Kumbe mamake siku hizi akimpikia anatenga sufuria yake, isiyoguswa nguruwe. Mwaka mzima tuko zamu moja, sikuwahi kuuliza!

Anakuja Jumapili. Muhogo upo kwenye friza, nazi mbili nimenunua sokoni, mbuzi nimeitoa uvunguni. Ameniuliza kama viatu anavua nje au ndani.