Mjusi wa Tendaguru aliumbwa siku ya ngapi?

Mwalimu wa Kimara: Wakuu, nafundisha watoto shule ya Jumapili. Tulipowapeleka Makumbusho ya Taifa pale Posta, mmoja akaniuliza: mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbuliwa Lindi enzi za Wajerumani, anayesemwa ni wa miaka milioni 150, Mungu alimuumba siku ya ngapi? Naomba hoja, matusi hapana.

Shujaa wa Imani, Mbagala: Siku ya sita, pamoja na wanyama wote wa nchi. Soma Ayubu 40, mnyama anayetikisa mkia kama mwerezi. Msije mkaniambia ni kiboko, nendeni Rufiji mkautazame mkia wa kiboko, kipande tu! Gharika iliwafukia, kwisha. Hayo mamilioni ni ya Wazungu, na mifupa yenyewe nani anajua kama Wajerumani hawakuichonga?

Binti Sinza: Mtumishi, kwenye Mwanzo 1 jua limewekwa siku ya nne. Siku tatu za kwanza zilipimwa kwa jua lipi? Na Petro anasema kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu. Mimi naamini Mungu ameumba, ila sioni palipoandikwa saa 24.

Mmwera wa Lindi: Ati waliichonga? Hapo umenigusa pabaya. Mwaka 1909 hadi 1913 babu zetu walichimba kwa sururu, wakafungia mifupa kwenye mianzi, wakaibeba kichwani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Zaidi ya tani 200! Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha juzi tu, watu wametoka kwenye njaa. Futa hiyo kauli.

Shujaa wa Imani, Mbagala: Babu zako nawaheshimu, ndugu yangu. Lakini walibeba mifupa, hawakubeba cheti cha kuzaliwa. Miaka milioni 150 nani aliihesabu?

Binti Sinza: Inapimwa kwenye miamba, kwa atomu zenye mionzi ndani yake, zinazooza kwa kasi inayojulikana. Na swali langu la jua hujaligusa.

Fundi Kariakoo: Mnabishana umri wakati mwenyewe yuko Berlin! Wamemsimamisha tangu 1937, kimo mita 13 na ushee, watu wanakata tiketi. Bungeni wameuliza mara ngapi? Arudi kwanza, umri tutaujadili akiwa nyumbani.

Mwalimu wa Kimara: Jamani, turudi kwenye Mwanzo.

Mzee wa Upanga: Akirudi akae Dar. Watalii wanashukia hapa, na ukumbi wa kumtunza utajengwa hapa. Lindi nani atamfuata?

Mmwera wa Lindi: Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana. Korosho zetu mnazijua, gesi yetu mnaijua, kwenye mjusi tu ndiyo Lindi inakuwa mbali? Jengeni makumbusho Lindi, mtalii atakuja. Wajerumani mbona walifika bila lami?

Shujaa wa Imani, Mbagala: Hapo kwenye Lindi niko na wewe.