Naomba ushauri: kurasa mbili za jarida kuhusu watu kutoaminiana, nichore nini?

Mchoraji_Ilala
Wakuu, habari za jioni. Nasanifu jarida moja hapa Dar, nimepewa makala ya maneno kama 1,200 kuhusu jinsi tulivyoacha kuaminiana: mpangaji na dalali, muuza duka na mteja, na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" ambazo hazikukoma hata baada ya usajili wa laini kwa alama za vidole kuanza 2019. Nina kurasa mbili zinazotazamana, A4 kila moja. Mhariri anataka barakoa na macho yanayochungulia gizani. Moyo haujaridhia, ila sina mbadala wa kumpelekea. Halafu mchoro uvuke kurasa zote au niugawe?

Pindo_na_Mji
Barakoa hapana, mkuu. Inafaa makala ya wizi, ya uchawi, ya siasa, ndiyo maana haisemi kitu. Panga kama kanga: pindo lizunguke kurasa zote mbili, mji, yaani sehemu ya katikati, ubebe mchoro, kichwa cha makala kikae pale pa jina.

BiMkubwa_Tanga
Mwanangu, kanga itakupoteza. Jina la kanga unamsema wifi, mke mwenza, shoga, yaani mtu unayemjua. Makala yako ni hofu ya aliye karibu au ya mgeni? Chagua moja kwanza.

Mchoraji_Ilala
Shikamoo mama. Nimeirudia sasa hivi, karibu yote ni wageni na matapeli.

Rangi_ya_Ukuta
Basi usichore hofu, chora vitu ambavyo hofu imevijenga. Zunguka mtaani kwako: NYUMBA HII HAIUZWI kwa rangi nyekundu ukutani, maana wapo waliouziwa nyumba za watu. Vipande vya chupa juu ya ukuta. Duka lenye nondo, mkono tu ndio unapita. Hayo maandishi ya ukutani ndiyo kichwa cha makala. Mtafute fundi wa mabango akuandikie kwa brashi, fonti hazina ule mchirizi wa rangi. Na usichore uso hata mmoja.

Mtu_wa_Mashine
Kuhusu kuvuka: ni kurasa za katikati kabisa?

Mchoraji_Ilala
Hapana, 14 na 15. Jarida lina kurasa 40, linabanwa kwa pini.

Mtu_wa_Mashine
Basi hizo hazitoki kwenye upande mmoja wa karatasi moja. Zinakutana tu wakati wa kubana, na mstari uliovuka unaweza kupishana kidogo. Kwa nondo zilizonyooka itaonekana vibaya. Usiweke herufi yoyote kwenye mkunjo. Ongeza milimita 3 za kukatia pembeni. Maandishi ya makala yawe nyeusi tupu, siyo mchanganyiko wa rangi nne, sahani za kuchapia zikihama kidogo yanatoka na kivuli. Na geuza rangi ziwe CMYK, zile nne za wino wa mashine, mapema, ile nyekundu ya kwenye skrini utaililia.

Rangi_ya_Ukuta
Hapo umenipa wazo, mkuu. Asivushe kabisa. Kushoto ukuta kwa nje, kichwa mistari miwili, makala chini yake kwenye plasta tupu. Kulia tuko ndani ya duka, tunatazama nje kupitia nondo: mkono umeshika noti.

BiMkubwa_Tanga
Hilo nimelipenda. Msomaji ndiye anakuwa mwenye duka.

Mchoraji_Ilala
Noti ya elfu kumi, mwenye duka kashaiinua kwenye mwanga kuangalia kama ni feki. Naanza kuchora kesho asubuhi, mhariri nitamwonyesha ikiwa na rangi tayari.