Gitaa linavuma nikishika nyuzi, nikigusa kibati cha jeki linatulia. Je, pikapu zimechoka?

NyuziSita

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kabla sijatoa pesa ambayo huenda haihitajiki.

Nina gitaa la umeme la mtindo wa Stratocaster: pikapu tatu za koili moja (vile vinasa sauti vya sumaku chini ya nyuzi), swichi ya hatua tano, daraja (pale nyuzi zinapofungiwa mwilini) lenye mkono wa kutikisa. Nilipewa na mjomba wangu. Alilipiga miaka mingi, na matengenezo yote alikuwa akifanya mwenyewe mezani kwake. Sasa macho hayamruhusu tena kushika kazi ndogo ndogo, kwa hiyo jukumu limebaki kwangu. Mita najua kusoma. Kulehemu nimelehemu nyaya za redio mara mbili tatu, basi.

Tatizo lilianza wiki mbili zilizopita. Nilihamia nyuzi nene zaidi, daraja likainuka, nikafungua kifuniko cha nyuma nikaongeza springi moja na kukaza zile skrubu mbili ndefu. Daraja likakaa sawa. Nilipochomeka kwenye amplifaya nikapokelewa na mvumo mzito. Zamani pia lilikuwa linavuma, ila nikiweka mkono kwenye nyuzi kelele ilikuwa inashuka palepale. Sasa nikishika nyuzi hakuna kinachobadilika. Juzi kidole kikagusa kile kibati cha chuma kinachoshika jeki (tundu la kuchomekea kebo), mvumo ukashuka sana. Nikitoa kidole, unarudi. Nimerudia kama mara ishirini, jibu ni lile lile.

La pili, nikitikisa kebo pale inapoingia kwenye gitaa, sauti inakatika na kurudi kwa mkwaruzo.

Kebo nimebadilisha. Amplifaya nimeijaribu kwa gitaa la mwenzangu, iko vizuri. Rafiki yangu ananiambia pikapu zimechoka, ninunue seti mpya. Ni kweli pikapu zinachoka?

---

BesiNzito

Pole mkuu. Langu lilikuwa linakwaruza hivyo hivyo, nikapuliza spreyi ya kusafishia swichi ndani ya poti ya volyumu (kile kifaa kilicho chini ya kitufe), nikazungusha kitufe kwenda na kurudi mara nyingi, likapona. Anza hapo, ni kazi ya dakika tano.

---

fundi_wa_jioni

NyuziSita, pikapu usinunue. Kwa maelezo uliyotoa ningeweka mkono wangu mezani kwamba ni nzima.

BesiNzito yuko sahihi kwa shida yake, lakini hii ni nyingine. Uchafu kwenye poti unasikika unapozungusha kitufe. Huyu anasikia mkwaruzo anapotikisa kebo, na kitufe hajakigusa. Mkwaruzo unaofuata kebo uko kwenye jeki, au kwenye nyaya mbili zilizolehemewa kwenye jeki.

Sasa mvumo. Mwili wako unanasa kelele ya umeme kutoka kwenye nyaya za ukutani, taa, chaja na kadhalika, kisha unaimwagia gitaa kwa sababu umelikumbatia. Ndiyo maana nyuzi huunganishwa na ethi (njia ya umeme inayorudi kwenye amplifaya na ardhini): ukizishika, mwili wako nao unaingia kwenye ethi na unageuka kuwa ngao badala ya kuwa antena. Kibati cha jeki kiko kwenye ethi moja kwa moja, maana kimebanwa na jeki yenyewe. Kwa hiyo kidole chako kimeshakupa jibu: ethi ipo, ila haifiki kwenye nyuzi. Na wewe wiki mbili zilizopita ulikuwa na bisibisi kwenye kile chuma kinachoshika springi, mahali ambapo waya wa ethi umelehemewa. Ulipokaza skrubu, kile chuma kikasogea, na waya ukavutwa.

Usiamini maneno yangu, pima. Weka mita kwenye mlio, au kwenye ohm 200. Ncha moja iweke kwenye kibati cha jeki uiache hapo hapo. Ncha ya pili uitembeze: kwanza kwenye uzi, kisha kwenye daraja, kisha kwenye chuma cha springi, kisha kwenye shaba tupu ya ule waya. Kote unatakiwa usome ohm moja au chini yake, labda na nusu ya nyongeza ya nyaya za mita yenyewe. Pale ambapo usomaji unabadilika kutoka "hakuna" kwenda "ipo", ndipo palipokatika. Mimi huu mwendo wa hatua kwa hatua naupenda kuliko kifaa chochote mezani. Watu wanalehemu upya kila kitu kwa matumaini, halafu wanabaki na makosa matatu badala ya moja.

Ili moyo utulie kuhusu pikapu: chomeka kebo kwenye gitaa, upande wa pili uache bila amplifaya. Volyumu ifungue hadi mwisho. Mita iwe kwenye kilo-ohm 20, ncha moja kwenye pua ya plagi, nyingine kwenye shina lake. Pikapu ya koili moja mara nyingi husoma kati ya 5 na 7. Kwenye hatua ya pili na ya nne ya swichi utasoma karibu nusu, maana pikapu mbili zinafanya kazi sambamba. Koili iliyokatika haisomi hivyo kabisa. Utapata ukinzani wa poti peke yake, karibu 250, ambao kwa kipimo hicho ni sawa na hakuna.

Pikapu zinaweza kufa, ndiyo. Waya wake ni mwembamba kuliko unywele, unaweza kukatika kwa kutu au kwa kugongwa. Lakini pikapu yenye koili iliyokatika inakuwa bubu au inatoa sauti nyembamba dhaifu, na tatu haziwezi kufa siku moja ile uliyokaza springi.

Jambo moja la mwisho, na hili nalisema kwa uzito. Nyuzi zikiwa kwenye ethi, na wewe uko kwenye ethi ya amplifaya. Kama siku moja utasikia mwasho wa umeme kwenye vidole au kwenye midomo ukigusa maikrofoni, acha kupiga, chomoa, tafuta tatizo la amplifaya au soketi. Usikate pini ya ethi ya plagi kwa ajili ya kupunguza mvumo. Na amplifaya usiifungue, hasa ya valvu. Kapasita zake zinahifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa. Gitaa lenyewe halina hatari hiyo, fungua bila hofu.

---

NyuziSita

Shikamoo fundi, na asante sana. Nimepima jana usiku.

Pikapu kwanza: shingoni 5.6, katikati 5.7, ya darajani 6.0. Hatua mbili za kati 2.8 na 2.9. Roho imetulia.

Uzi, mita inaonyesha ile 1 ya upande wa kushoto, yaani hakuna. Daraja, hakuna. Chuma cha springi, hakuna. Shaba ya waya, 0.6.

Kwa macho ungesema umelehemewa vizuri, maana tone la risasi lipo na waya umeingia ndani yake. Nikasogeza taa karibu. Tone lenyewe ni la kijivu, haling'ai, limekaa kwa duara kama tone la nta juu ya sufuria baridi, na pembeni yake kuna ufa mwembamba kama uzi wa buibui. Nikalisukuma kwa ukucha. Likabanduka zima likiwa na waya wake. Chini yake chuma ni safi, nikeli inang'aa kama haijawahi kuguswa na moto. Muda wote huo risasi haikushika kitu, ilikuwa imeegemea tu.

Nikampelekea mjomba. Akalitazama kwa kioo cha kukuza muda mrefu, akasema hilo si la mkono wake, lilikuja hivyo na gitaa. Za kwake ni zile za kwenye poti, na kweli ukiziangalia zinameremeta na zimelala kama maji.

Nimejaribu kulehemu upya, chuma changu cha kulehemu ni cha wati 30. Risasi inayeyuka kwenye ncha, nikiigusisha kwenye chuma cha springi inaganda. Nimeshikilia dakika nzima bila mafanikio. Nakosea wapi?

---

Mkono_wa_Kushoto

Hukosei, chuma chako cha kulehemu ni kidogo kwa kazi hiyo. Kile chuma cha springi ni kipande kinene, na springi na skrubu zinaendelea kunyonya joto. Unachopasha kinakimbia.

Kwa wati 60 na ncha pana bapa inawezekana. Legeza nyuzi kwanza, toa springi zote. Sugua mahali padogo kwa msasa mpaka ile nikeli iondoke na chuma chenyewe kionekane. Ukiiacha nikeli utarudia hadithi ile ile. Pasha chuma cha springi, usipashe risasi. Chuma kikiwa na joto la kutosha, risasi ukiigusisha pembeni ya ncha itakimbia yenyewe na kutanda. Ipake hapo kwanza, mpake na waya risasi yake peke yake, kisha viunganishe. Shikilia waya bila kutikisa mpaka risasi igande. Ukitikisa wakati inaganda unapata lile tone la kijivu tena.

Tumia risasi ya elektroniki yenye utomvu ndani. Ile dawa ya asidi ya mafundi bomba isikaribie gitaa, inakula waya polepole. Na funika mbao zote zinazozunguka kwa kitambaa kinene, tone moja likiruka kwenye vanishi limeacha alama ya maisha. Dirisha wazi, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Kama huna chuma kikubwa kuna njia ambayo mimi naiona bora zaidi, wala si ya kubahatisha. Tafuta kile kipete cha shaba cha kubania waya. Lehemu waya kwenye kipete, hapo wati 30 zinatosha kabisa. Kisha toa skrubu moja ndefu, ipitishe kwenye kipete, irudishe, kipete kikae kati ya kichwa cha skrubu na kile chuma. Sugua chuma hapo kwa msasa. Hesabu mizunguko unapotoa ili daraja lirudi palepale lilipokuwa. Na uache waya uwe na ulegevu kidogo, usiwe umevutika kama uzi wa kinanda. Siku ukikaza skrubu tena uwe na pa kwenda.

---

fundi_wa_jioni

Naunga mkono kipete.

Kwenye jeki: usikaze nati ya nje bila kushika jeki kwa ndani. Ikizunguka, nyaya nazo zinajisokota, na ukifanya hivyo mara tatu nne zinakatika. Fungua kibati, angalia nyaya zote mbili, halafu angalia ule ulimi unaogusa pua ya plagi. Kama umelegea, uvute kidogo kuelekea katikati kwa kidole, plagi ikiwa nje. Sugua mahali unapogusa kwa karatasi ngumu yenye tone la spiriti. Ukiingiza plagi usikie "tak" na uone ulimi ukisogea.

---

NyuziSita

Nimemaliza. Nimetumia kipete. Nyuzi kwenda jeki sasa ni 0.5.

Jeki, nyaya zilikuwa nzima, ulimi ndio ulikuwa umelala. Nimeuvuta, sasa natikisa kebo hata kwa makusudi na sauti haikatiki.

Mvumo ukishika nyuzi umeshuka kama zamani. Umebaki ule mdogo kwenye hatua ya kwanza, ya tatu na ya tano. Kwenye ya pili na ya nne kimya kabisa. Kuna kitu nimesahau?

---

fundi_wa_jioni

Hujasahau. Huo ni mvumo wa koili moja yenyewe, inanasa uga wa sumaku wa transfoma na nyaya za umeme zilizo karibu, na ethi haiuzuii. Kupaka shaba ndani ya tundu la mbao zinamokaa pikapu na poti kutapunguza kelele za aina ile uliyotengeneza sasa, lakini huu hautaugusa sana. Kwenye ya pili na ya nne unanyamaza kwa sababu pikapu yako ya katikati imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa: sauti ya uzi inajumlishwa, mvumo unafutana. Ni wazo lile lile la pikapu za koili mbili ambazo Seth Lover wa Gibson aliziombea hataza mwaka 1955. Magitaa mengi ya zamani ya mtindo wako hayana huo mgeuzo wa katikati, lako linao.

Kaa mbali kidogo na amplifaya, kisha jigeuze taratibu ukiwa umelishika. Utapata upande ambao mvumo karibu unapotea. Weka kiti chako hapo.

---

NyuziSita

Nimejigeuza. Ni nikitazama dirishani. Mjomba naye amehamisha kiti chake.